Kumi na Mmoja wa Daftari la Vipande

Jumatatu, tarehe 30 Desemba 2013. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha San Gaspar, Honduras, tangu alfajiri, ile mvua inayoletwa na upepo wa kaskazini, isiyo na radi wala haraka, na baridi yake ilifanya ndani ya mochwari na nje kuwa sawa.

Orbelina Pacheco, karani wa mochwari, alifika saa moja kasorobo asubuhi. Don Tulio, mlinzi wa lango, alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki na bunduki fupi mapajani, anakula chapati ya ngano iliyokunjiwa maharage.

"Wameingia wangapi tangu Jumamosi?" Orbelina akamuuliza.

"Tisa, doña. Tisa, na mmoja asiye na kichwa."

"Basi sema tisa."

"Ndiyo maana huyo mwingine nimekutengea pembeni. Nazijua hesabu zako."

Orbelina alitundika koti lake, akafunga aproni, akafungua daftari kubwa. Madereva wawili wa teksi, wamepigwa risasi kwenye taa zilezile za barabarani kwa kupishana saa moja. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, panga la shingoni, mume ametoroka. Wanaume watatu waliolazwa kifudifudi kwenye ukumbi wa biliadi, kila mmoja risasi moja ya kisogo. Fundi viatu aliyeuawa kwenye benchi lake, msharasi wa kushonea ukiwa bado umo kiganjani, vidole vimeukamata hata ikabidi avunjwe kimoja ili utolewe. Wawili kutoka barabara ya bandarini, vidole gumba vimefungwa kwa waya. Kila mmoja alimpa mstari wake na nambari yake, ileile iliyofungwa kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, na kwenye safu ya mwisho, inayosema mtu amekufaje, aliandika mara tisa maneno yaleyale: mkono wa mtu.

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba, na kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Alizaliwa kwenye kambi ya wakata ndizi, ambako akiwa na miaka tisa alimwona mtu akitoka kwenye mchezo wa kupiganisha majogoo amejikumbatia matumbo yake kwa mikono miwili, kama mwanamke aliyebeba nguo za kuanika, akiomba apishwe njia. Alimaliza sekondari, akajifunza kupiga chapa, akaomba kazi benki. Benki hawakumjibu. Mochwari walimjibu siku ya pili. Mumewe alikwenda kaskazini, Marekani, mwaka 2001, akatuma kadi mbili. Binti yao, Yesenia, alikuwa Hispania akimtunza mzee wa watu.

Chini ya daftari kubwa lilikaa la pili, dogo, lenye jalada la kijivu. Hilo ndilo daftari la vipande. Mwaka 2004 San Gaspar ilimhesabu mtu mmoja mara mbili: kiwiliwili kilipatikana huku, kwenye gunia la vipande vilivyochanganyika, na kichwa wilaya ya pili, kila upande ukaandika kifo chake. Orbelina ndiye aliyegundua kosa hilo, na ndiye aliyeandika karatasi ya kulizuia, ukurasa mmoja wa taipureta, ambao watu waliukumbuka kwa maneno manne tu: kichwa kimoja, kifo kimoja. Mkurugenzi wa wakati ule alimsifu mbele ya watu, akaigonga mhuri, akaitundika ukutani. Tangu hapo kisicho na kichwa kiliingia daftari la kijivu, kikakaa kwenye jokofu miezi sita kikingoja kichwa chake. Kisipokuja, kilizikwa kaburi la pamoja bila jina.

Kwa miaka mingi daftari la kijivu lilikuwa jembamba. Tangu Julai mwaka huu wa 2013 lilianza kunenepa. Wauaji walikuwa wakikata vichwa na kuondoka navyo. Wengine walisema vinatupwa mtoni, wengine walisema hupelekwa kwa mkubwa wao kama risiti. Jumatatu ile, pamoja na yule aliyetengwa pembeni, walitimia kumi na mmoja.

Saa mbili na nusu don Tulio aligonga mlango.

"Kuna mama mmoja nje, doña. Amelowa. Hataki kukaa."

Alikuwa mwanamke mfupi, wa rika la Orbelina, amevaa sweta ya kiume. Alisema anaitwa Lastenia Orellana, anakaa mtaa wa Miwani, nyuma ya kiwanda cha matofali. Alimfuata Orbelina hadi mezani akakataa kiti.

"Namtafuta mwanangu. Neptalí. Ana miaka ishirini na minne, anachomelea mageti. Ijumaa jioni wamemchukua mlangoni kwangu."

"Akina nani?"

"Kinyozi na mwenzake. Usiniulize jina lake la ubatizo, hata mama yake halitumii. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alimshika mwanangu mkono namna hii, kama wanakwenda kunywa soda. Akanigeukia akasema, doña Lastenia, usimsubiri kwa chakula."

Orbelina hakuandika kitu. Alimtazama mama yule vidole vyake, vilivyokuwa vinakunja na kukunjua pindo la sweta.

"Mwanao ana alama gani?"

"Goti la kushoto, kovu refu, alianguka juu ya bati akiwa mdogo. Na tumboni moto wa kuchomelea ulimrukia, una umbo la ndizi. Na suruali nimemtia kiraka mwenyewe, uzi mwekundu, mweusi uliniishia."

Mwili uliotengwa pembeni ulikuwa umetoka kwenye mashamba ya miwa. Orbelina alimwambia Lastenia asimame miguuni, akafunua shuka kuanzia chini, akaishia kifuani. Goti lilikuwa na kovu. Kiraka kilikuwa na uzi mwekundu. Tumboni palikuwa na ile ndizi, na kuizunguka mashimo saba ya kisu, membamba, yaliyokwisha kuoshwa na mvua hata yakaonekana masafi.

Lastenia aliweka kiganja juu ya ule moto wa zamani.

"Ndiye," akasema. Kisha akasema, "Funua na huko juu."

"Huko juu hakuna kitu, mama."

Lastenia aliinamisha kichwa. Hakulia. Aliuliza kama shingo ilikatwa kabla au baada. Orbelina, aliyekuwa ameona shingo nyingi kuliko alivyotaka, akamjibu kwamba ni baada. Safari hii ilikuwa kweli. Hakuwa na haja ya kusema uongo aliokuwa akiwaambia wengine.

"Kinyozi yuko mahabusu," Lastenia akasema walipotoka. "Jumamosi walimkamata na bastola, bila kibali. Wakamweka. Nimekwenda kituoni nikawaambia ameua. Wakaniuliza, amemuua nani, mwili uko wapi, nambari iko wapi. Kesho saa tisa alasiri wanamwachia. Sasa wewe fikiri. Akitoka atarudi nyumba ya tatu. Na ninayejua ni mimi peke yangu."

Orbelina alifikiri. Ofisi ya mwendesha mashtaka haikufungua jalada la mauaji bila nambari ya daftari kubwa. Daftari kubwa halikumpa nambari asiye na kichwa. Kwa hiyo Neptalí Orellana, akiwa amelala hatua kumi kutoka hapo na mashimo saba tumboni, alikuwa bado hajauawa.

Alimpikia Lastenia kahawa, akamwacha chumba cha karatasi, akaenda kwa daktari Cálix, mpasuaji wa maiti.

Daktari alikuwa anakaribia kustaafu na alikuwa ameacha kuinua macho mtu anapoingia.

"Daktari, yule wa kwenye miwa nataka umpitishie daftari kubwa."

"Ana kichwa?"

"Ana mama."

"Mama si kipimo, Orbelina. Kanuni umeiandika mwenyewe. Mimi nimeikuta ukutani."

"Kinyozi anatoka kesho."

"Vinyozi wako wengi mji huu. Na kesho mnafunga mwaka. Unajua wanachokingoja."

Alijua. Kila mtu San Gaspar alijua. Kila Januari kulikuwa na orodha inayotoka nje, ya miji na nchi. Huchukuliwa idadi ya waliouawa, ikagawanywa kwa idadi ya wakazi, ikazidishwa kwa laki moja, kisha nchi zikapangwa kama timu za ligi. Honduras ilikuwa imekaa juu kabisa, themanini na ushee kwa kila laki, na mji wa San Gaspar ulikuwa umeongoza miji yote ya dunia miaka miwili mfululizo. Mwaka huu mji mmoja wa Venezuela ulikuwa tayari umejulikana kuwa na mia moja na sitini na tisa. San Gaspar ina watu laki saba, na polisi walikuwa na waliouawa elfu moja mia moja na sabini na wanne. Hiyo ni mia moja na sitini na saba na kitu. Ubingwa ulikuwa unahama.

Saa sita mchana afande Rodezno, mkuu wa takwimu wa polisi, alipita mwenyewe akiwa na boksi la mikate ya sikukuu. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye masharubu yaliyopakwa rangi.

"Doña Orbelina, nimekuletea mkate. Kesho usinitie aibu. Mwaka huu kombe tunawaachia Wavenezuela, sisi tunashika nafasi ya pili kwa heshima."

"Mwaka bado haujaisha, afande."

"Kwetu unaisha kesho saa sita mchana. Baada ya hapo atakayekufa ni wa mwaka mpya, mbona unajua." Akacheka, akaegemea meza. "Wewe unazo elfu moja mia moja na sabini na nne kama sisi?"

"Daftari kubwa ndivyo linavyosema."

"Kuna lingine?"

Orbelina aliliweka daftari kubwa sawasawa juu ya lile la kijivu, na afande aliona. Aliupanga mkate vizuri juu ya meza, kama anayeupangia mgonjwa.

"Bado unakaa ile nyumba ya kijani, karibu na kiwanda cha sabuni?"

"Bado."

"Mlango wa mbao ule. Siku hizi watu wanaweka chuma." Akagusa ukingo wa kofia, akaondoka.

Jioni ile Orbelina hakumrudisha Lastenia mtaani kwake. Alimpeleka nyumba ya kijani, wakasukuma kabati nyuma ya mlango. Yesenia alipiga simu kutoka Hispania, kama kila Jumatatu.

"Mama, huku mzee wangu hataki kwenda kununua mkate. Mtu ameuawa mji wa jirani. Wiki ya tatu wanamzungumza kwenye televisheni, wameonyesha hadi mbwa wake."

"Mmoja tu?"

"Mmoja, mama. Njoo ukae huku. Utapata kazi."

"Kazi ya kumhesabu huyo mmoja?" Orbelina akasema, na wote wawili wakacheka kidogo.

Alikuwa na daftari lake binafsi ambalo alinakili zile nambari za nchi kila mwaka, kwa mwandiko mdogo, kwa sababu alipenda kujua kazi yake inakwenda wapi ikishatoka mikononi mwake. Usiku ulipoingia alilifungua. Japani, kwa kila watu laki moja, haikufika hata nusu ya mtu. Aliyatazama maneno yale, nusu ya mtu. Kule nusu ya mtu iliingia kwenye hesabu, ikaandikwa, ikatumwa duniani. Yeye alikuwa na watu kumi na mmoja waliokosa kichwa tu, na alikuwa amewaandika kama mizigo iliyopotea lebo.

Alimtazama Lastenia aliyelala na viatu. Akazima taa.

Jumanne asubuhi, kabla ya kikao, alifanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka tisa. Alisimama mbele ya karatasi yake ya ukutani akaisoma kuanzia mstari wa kwanza. Ilisema: *Iwapo gunia moja au eneo moja limetoa vipande vya watu zaidi ya mmoja, hesabu itafuata vichwa.* Hapo ndipo ilipokuwa na nguvu, kwenye vipande vilivyochanganyika, miguu mitano ndani ya gunia moja. Kuhusu mtu mzima, mwenye mikono yake na miguu yake na kovu lake la goti, aliyekosa kichwa tu, karatasi haikusema neno. Madaktari walikumbuka kichwa. Polisi walikumbuka kichwa. Yeye mwenyewe, mwandishi, alikumbuka kichwa. Alihisi joto likimpanda masikioni kama mwanafunzi aliyekosea ubaoni. Alivuta pini, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa aproni.

Kikao cha kufunga mwaka kilikaa saa nne, kwenye meza ya chuma ya chumba cha nje. Watu walikuwa watatu kama ilivyo desturi: afande Rodezno na orodha ya polisi, wakili wa serikali Iveth Bográn na orodha ya mashtaka, na Orbelina na daftari. Desturi ya meza ile ilikuwa rahisi. Majina husomwa kwa sauti. Linalokubaliwa na watatu linatiwa wino. Anayelikataa jina lililosomwa hana ruhusa ya kulikataa akiwa amekaa. Lazima ainuke, aende na wenzake wawili, auone mwili kwa macho yake, kisha ndipo akatae, na hapo wawili wakilikubali, linapita. Iliwekwa hivyo zamani kwa sababu kuna mwaka polisi walikanusha watu waliokuwa wamelala chumba cha pili.

Walisoma Desemba yote; tangu jana mchana hakuletwa maiti mpya, jambo la nadra. Sauti zao zilikuwa kavu. Tarehe, mahali, jina, risasi. Tarehe, mahali, jina, panga. Saa tano na nusu afande alifunga kalamu yake.

"Elfu moja mia moja na sabini na nne. Wakili, hongera. Doña, hongera. Tukale."

"Sijamaliza," Orbelina akasema. Akaliweka daftari la kijivu juu ya lile kubwa. "Neptalí Orellana, mwanamume, miaka ishirini na minne, mtaa wa Miwani. Amepatikana Jumapili kwenye mashamba ya miwa. Visu saba vya tumbo. Hana kichwa. Ametambuliwa na mama yake."

Afande alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kwa bahati mbaya.

"Huyo ni wa vipande."

"Vipande vyake viko vyote, afande, kasoro kimoja."

"Kanuni, doña."

Akaifungua karatasi, akaiweka mbele yao, akasoma mstari wa kwanza kwa kidole. Wakili Bográn, mwanamke mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi, aliinama akausoma mara mbili.

"Hii haihusu miili mizima," akasema taratibu.

"Nami ninalikataa jina," akasema afande.

"Basi inuka," Orbelina akamwambia.

Chumba cha baridi kilikuwa na rafu tatu. Jokofu la nyuma lilikuwa bovu tangu Oktoba, na harufu iliwapokea kabla ya taa. Don Tulio aliyavuta masinia moja moja. Orbelina alisimama na daftari la kijivu, akasoma kama anayeita mahudhurio darasani.

"Nambari ya kwanza, Julai, mtaro wa soko. Mwanamume. Shingo imekatwa kwa panga, mapigo manne, la kwanza limeingia begani. Nambari ya pili, Julai, huyu alikatwa kwa msumeno, mtaona nyama imechanika pembeni. Ya tatu, Agosti, mwanamke, ana mimba ya miezi mitano. Ya nne—"

"Inatosha," akasema afande.

"Umekataa jina la kumi na moja. Tutafika."

Alisoma wote. Kulikuwa na mmoja aliyechomwa nyayo kwa pasi, alama za pembetatu zimepangana vizuri. Kulikuwa na mmoja aliyefungwa mikono kwa kamba za viatu vyake mwenyewe. Mwanamke wa Agosti alikuwa amepakwa rangi nyekundu kucha za miguu, na nambari ya daftari la kijivu ilikuwa imefungwa juu ya rangi ile. Don Tulio aligeuza uso kwenye sinia la saba akarudi kwenye la nane. Daktari Cálix alikuwa amesimama mlangoni bila kuitwa, mikono mifukoni. Walipofika kwa Neptalí, afande alikuwa ameziba pua kwa leso na masharubu yake yalikuwa yameanza kuacha rangi juu ya kitambaa.

"Ninakataa bado," akasema. "Sababu ya kifo haiwezi kujulikana bila kichwa. Huenda alikufa kwanza."

"Kwa maradhi gani, afande?" daktari akauliza kutoka mlangoni. "Niambie nikuandikie. Kifua? Malaria?"

"Andika haijulikani."

"Ni nini kisichojulikana hapa?" akasema wakili Bográn. "Kichwa kilikoenda?"

Daktari alikuja hadi kwenye sinia, akatoa kalamu, akasaini cheti juu ya goti lake mwenyewe. Alisaini na vingine kumi, kimoja baada ya kimoja, akivuta pumzi kwa mdomo. Wakili akasema anakubali. Walikuwa wawili kwa mmoja, na mwili ulikuwa umeonekana. Kwenye meza afande aliandika kwa mkono wake: elfu moja mia moja na themanini na watano. Aligawanya kwa saba pembezoni mwa karatasi. Mia moja na sitini na tisa, nukta mbili tisa.

"Kwa nukta mbili tisa," akasema. "Umetutawaza tena kwa nukta mbili tisa. Mimi nitaeleza kwa wakubwa wangu, doña. Lakini nitawaambia ni nani aliyesoma."

"Waambie."

Saa sita na dakika ishirini jalada la Neptalí Orellana lilifunguliwa, na wakili alipiga simu kituoni: Kinyozi asitoke, ana kesi ya mauaji. Ili waendelee kumshikilia walihitaji, ndani ya siku moja, maelezo ya shahidi yaliyotiwa alama ya kidole gumba. Wakili alisema atakwenda ofisini kupiga chapa fomu, arudi saa tisa.

Saa nane Lastenia alikuwa kwenye benchi la ndani ya lango, chini ya paa la bati, anamega mkate wa afande na kuurudisha kwenye boksi bila kuula. Orbelina alikuwa amesimama karibu naye akimweleza jinsi ya kuyaeleza mambo kwa mpangilio, mkono kwanza, maneno baadaye. Pikipiki ilipunguza mwendo nje. Ilikuwa na watu wawili, wote na helmeti. Wa nyuma aliinua mkono akapiga kupitia nondo za lango, si kwa haraka, risasi moja baada ya nyingine, kama mtu anayepigilia misumari. Ya kwanza iliingia ukutani. Ya pili ilimpata Lastenia mkono wa kulia juu ya kiwiko, mkono ukageukia upande ambao mkono haugeukii. Orbelina alimshika sweta, akamburuta kwenye saruji hadi nyuma ya pipa la maji, na risasi mbili zikatoboa pipa, maji yakaanza kuwamwagikia.

Kisha bunduki ya don Tulio ililia mara moja.

Pikipiki ilikwenda na mtu mmoja. Wa pili alikuwa ameketi barabarani, anakitazama kifua chake. Alijaribu kuivua helmeti akashindwa. Alitambaa kuelekea lango, labda kwa sababu ndilo lililokuwa karibu, akafika kwenye ngazi, akalaza kichwa hapo.

Orbelina alimfunga Lastenia mkono kwa aproni, akakaza kwa kipini cha ufagio, akampakia na daktari kwenye gari la kubebea maiti, kwani ndilo pekee lililokuwapo, likaenda hospitali kwa mwendo ambao halikuwahi kwenda. Ndipo aliporudi kwenye ngazi. Alifungua mkanda wa helmeti. Alikuwa mwanamume wa miaka ishirini na kitu, ana meno mazuri, na alikuwa amekwisha kufa.

Don Tulio alikuwa amesimama palepale, bunduki imeelekea chini.

"Walijuaje yuko hapa, doña? Mezani mlikuwa watatu."

"Watatu, na daktari, na wewe."

"Mimi sikusema."

"Najua. Wewe umepiga."

"Unaniandika wapi mimi?"

Orbelina alifikiri. Saa sita ilikuwa imepita. Alifungua daftari jipya la 2014, ambalo gundi yake ilikuwa bado inanukia, akampa mtu yule nambari moja. Kwenye safu ya mwisho hapakuwa na maneno ya kutenganisha mkono na mkono. Aliandika kama alivyoandika siku zote: mkono wa mtu. Kisha akamwekea don Tulio kahawa yenye sukari nyingi, akakaa naye hadi polisi walipokuja, na alipoulizwa alisema alichokiona, kwa mpangilio.

Asubuhi ya pili, Januari mosi, mji ulikuwa umelala na mitaro ilikuwa imejaa karatasi za fataki zilizolowa. Orbelina alimpitia wakili Bográn nyumbani kwake, wakaenda hospitali kwa miguu kwa sababu mabasi yalikuwa hayajaanza. Lastenia alikuwa macho, mkono wa kulia umefungwa hadi begani. Wakili alimsomea maelezo yake tangu Ijumaa jioni hadi uzi mwekundu, akasahihishwa mahali pamoja, kwamba Kinyozi alimshika mwanawe mkono wa kushoto. Orbelina aliweka daftari lake chini ya karatasi ili iwe ngumu, akakishika kidole gumba cha Lastenia, cha mkono mzima, akakigandamiza kwenye wino, kisha mahali pa sahihi, akakibiringisha taratibu kutoka ukingo hadi ukingo, alama isipotee.